Mkasi Haupeanwi Mkono kwa Mkono

Wanawake tuliokaa nao kambini Elisabethville, mji wa machimbo ya shaba, siku zile, tukikutana leo kwenye kilio au arusi, hawachelewi kumtaja Mama Monitrisi. "Yule mama alitufundisha," wanasema, na wote wanaitikia kwa kichwa. Mimi huwa najifanya nafunga vizuri kikwembe changu kiunoni. Kwamba alitufundisha, sikatai. Mpe mtu haki yake hata kama humpendi. Lakini alinitendea jambo moja lililonikaa kooni miaka kumi kama mwiba wa samaki, na mimi ni mtu wa Pweto, ziwani, miiba naijua. Basi nitamsimulia kama nilivyomjua mimi, na asiyetaka kusikia hasira aende kwa hao wengine.

Monitrisi ni jina la kazi, yaani mfundishaji. Mwisho wa kambi ya kompani kulikuwa na nyumba ya matofali iliyoitwa fwaye. Huko watawa na wake wa wazungu walitaka sisi, wake wa wafanyakazi, tujifunze kushona, kupiga pasi na kuogesha watoto, kana kwamba kwa mama zetu watoto walikuwa hawaogeshwi. Mtawa alisema kwa Kifaransa, yeye Monitrisi akatugeuzia kwa Kiswahili. Mtawa akisema maneno matatu, yeye alisema thelathini, na yaliyozidi yalikuwa matusi yake mwenyewe.

"Ma sœur anasema mushone pole pole," alikuwa akituambia. "Na miye nasema mikono yenu iko nguvu kama ya ba-maçon ba kujenga manyumba. Muke wa kuvunja sindano tatu ku siku moja, heri bwana yake amutume yee ku mine kuchimba, ye bwana abakie ku nyumba kupika."

Mtawa alitabasamu, akidhani tunafundishwa upole.

Alikuwa mfupi, mgongo wima, aproni yake nyeupe imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Alivaa viatu vya turubai visivyotoa sauti, kwa hiyo hukumsikia akija. Ulishtukia tu kivuli chake juu ya kazi yako, halafu mkono wake umeshaichukua. Na hapa ndipo alipokuwa tofauti na watu wote niliowahi kuwaona wakitazama nguo. Hakuitazama usoni. Aliigeuza kwanza. Alipitisha kidole gumba nyuma ya mshono, polepole, macho yake yakiangalia dirishani, kana kwamba kidole ndicho kilichokuwa kinaona.

"Mbele iko ya ba-visiteurs, ya bageni," alisema. "Nyuma njo yako weye mwenyewe."

Kisha akasema neno moja la Kifaransa ambalo kambi nzima tulilijua, hata watoto walilichezea barabarani: "Défaire." Yaani fumua. Hakusema fumua kidogo, wala fumua pale penye kosa. Alikuwa na maana ya kufumua yote, tangu fundo la kwanza, na uzi uleule uutumie tena kwa sababu uzi wa fwaye ulihesabiwa. Nimefumua zaidi mbele ya yule mama kuliko nilivyoshona. Kama kufumua kungekuwa kazi ya mshahara, leo ningekuwa na nyumba ya ghorofa.

Nilikuwa bibi arusi wa miezi miwili nilipoanza. Mume wangu alifanya kazi kwenye tanuru la kuyeyushia shaba. Nyumbani Pweto nilijua kupasua samaki, kumtia chumvi na kumkausha, na sindano niliyoijua ilikuwa ya kutoboa magunia. Siku ya kwanza nikapewa kitambaa cha kushona aproni. Nikaenda nacho nyumbani, nikaketi mlangoni, nikakilaza mapajani, nikashona kwa bidii mpaka jua likageuka. Niliposimama ili niende kumwonyesha, aproni ikasimama nami. Nilikuwa nimeishona pamoja na kikwembe nilichovaa, mshono mrefu kutoka goti hadi goti.

Ningekuwa na akili ningefumua palepale, mlango nikaufunga. Lakini nilikuwa mgeni, nikaogopa kuharibu, nikaenda hivyohivyo. Wanawake walicheka mpaka mmoja akajikojolea. Yeye hakucheka.

"Weye Pweto," akaniambia, na tangu siku ile hakuniita jina lingine, "unashona nguo ama unajifunga wewe?"

Nikamwomba anisaidie kukata uzi. Akasema hapana, niende nikafumulie nyumbani. Nikarudi nimevaa aibu yangu mbele, saa ileile wanaume wanatoka kazini. Nilipita katikati yao kambi nzima. Nilimchukia siku hiyo, nami nilikuwa nimemjua kwa siku moja tu.

Gauni langu la kwanza nilimshonea mtoto wa jirani, tundu la shingo nikalipima kwa macho. Mama Monitrisi akaliinua juu darasa zima lione. "Hii kichwa ya nani? Ya kuku?" Nilipotia sindanoni uzi mrefu sana nisije nikasumbuka kuutia tena, akapita nyuma yangu na kusema, "Uzi murefu, muke muvivu." Alikuwa nayo mengi ya namna hiyo. "Fundo kubwa, aibu kubwa." "Pasi inafichaka, maji inafunuaka." Nilikuwa nikiyasikia usingizini.

Sheria zake hazikuwa na mwisho. Usikate uzi kwa meno, meno ni ya kula. Usishone ukiwa umenuna, uzi utajisokota. Hiyo ya pili ilinichekesha kwa uchungu, maana nani katika darasa lile aliwahi kushona bila kununa? Na sheria kubwa kuliko zote ilikuwa ya mkasi. Mkasi haupeanwi mkono kwa mkono. Unauweka mezani, au kwenye mkeka, mwenzako anaokota. Ukimpa mtu mkononi, mtagombana, nyinyi wawili, kabla mwezi haujafa. Mtawa alisema huo ni ushenzi. Mama Monitrisi akaitika "Oui, ma sœur," na papo hapo akauweka mkasi mezani, mtawa akauokota bila kujua kwamba ametii.

Mkasi wake wa mwisho ndio uliojulikana sana. Ulikuwa mrefu, wa chuma cheusi kwenye mpini na makali yenye kung'aa, umetoka Bulaya, kwa wazungu. Aliuhifadhi ndani ya kipande cha flaneli, na flaneli ndani ya kopo la biskuti. Haukukata karatasi, haukukata kadibodi, haukukata kitu isipokuwa nguo. Alituambia watawa walimpa kwa utumishi wake mwema, na sisi tukaamini. Mara mojamoja alikuruhusu uutumie, kama ulikuwa na nguo ya maana. Gauni la ubatizo la mtoto wangu wa kwanza nililikata kwa mkasi ule. Aliuweka mezani, nikauokota, naye akasimama karibu mpaka nilipomaliza.

Alikuwa mtu wa nyuso mbili, na uso wa pili ulikuja kwetu siku ya Alhamisi. Alhamisi alipita nyumba kwa nyumba pamoja na mtawa kukagua usafi. Alifunua vyungu, aliinamia uvungu wa kitanda, alituuliza mbele ya mtawa kama tunakula kwa uma. Tukajibu ndiyo. Mtawa akiisha kwenda zake, Mama Monitrisi alirudi peke yake kupitia mlango wa nyuma, akavua viatu vyake vya turubai, akauliza kwa sauti ya chini, "Pweto, samaki iko?" Nikamwekea bukari, ugali wetu, na samaki mkavu wa kwetu. Akala kwa mikono yote miwili, akanyonya kichwa mpaka mifupa ikawa myeupe, akafuta vidole kwenye majani. Nilimpenda saa zile. Nasema kweli, nilimpenda, na ndiyo maana alichonifanyia kiliniuma zaidi.

Na lingine nimpe haki yake. Mwanamke akijifungua kambini, hata kama ni yule aliyemtukana jana, alikuwa amefika kabla ya shangazi zake. Aliweka nepi sita zilizokunjwa kwenye mkeka, pindo safi mbele na nyuma, akaondoka bila kusema neno. Akishukuriwa alikasirika.

Sasa nifike kwenye blanketi.

Mama yangu alikufa Pweto, nami sikumzika. Habari ililetwa na dereva wa lori la samaki, wiki tatu baada ya mazishi. Kilio kilikuwa kimekwisha na nguo za marehemu zimeshagawanywa kama ilivyo desturi. Fungu langu lilikuja na dereva yuleyule, limefungwa kwa kamba ya katani. Ilikuwa nusu ya kikwembe chake cha bluu. Shangazi alikichana katikati, nusu yangu na nusu ya dada yangu. Kilikuwa bado kinanuka samaki na moshi. Nikakaa nacho sijui nifanye nini nacho, kwa kuwa nusu ya kikwembe haivaliki, na nikiikata iwe kitambaa cha jikoni ningejilaani.

Ilikuwa majira ya baridi, ile baridi ya mwezi wa sita inayopita chini ya mlango. Fwaye walikuwa wameanza kufundisha blanketi la viraka, vipande vya nguo vilivyounganishwa kuwa kitu kimoja kikubwa. Mtawa alileta picha. Nikaiona ile picha, nikaona palepale mahali pa mama yangu: katikati kabisa, kipande kikubwa cha bluu, na vingine vyote vimzunguke.

Nilishonea nyumbani, maana fwaye hawakuwa na nafasi ya kulitandaza. Niliokota vipande popote: suruali za kaki za mume wangu zilizoungua kwenye tanuru, mabaki ya fundi wa sokoni, shati la shule la jirani. Mgongoni pa blanketi nikaweka magunia ya unga, ambayo maandishi yake hayakutoka hata nilipoyachemsha mara nne. Kila kosa linaloweza kufanywa nililifanya. Kitambaa chekundu sikukifua kwanza, kikatoa rangi, kaki yote ikawa ya waridi. Vipande nilivipima kwa shibiri kama tulivyopima kila kitu kwetu, na jirani yangu akanisaidia kupima nusu yavyo. Sikufikiri kwamba shibiri yake, mwanamke mrefu yule, si shibiri yangu. Tulipoviunganisha, upande mmoja wa blanketi ulikwenda zake na mwingine ukabaki nyuma.

"Défaire," akasema Mama Monitrisi. Akanipa kijiti kilichokatwa kwa kipimo kimoja. "Mukono inadanganyaka. Muti hapana."

Kipande cha mama alinifumulisha mara tatu. Mara ya kwanza pembe hazikukutana. Mara ya pili zilikutana lakini nyuma palikuwa na uvimbe wa mafundo. Mara ya tatu sikuona kosa, hata sasa silioni, na nililia. Nikamwambia ni nguo ya mtu aliyekufa, basi aniachie.

"Muntu wa kukufa njo anaonaka nyuma," akasema. "Mbele tunaona siye. Défaire, mwana."

Nilifumua huku nikimtukana kwa Kibemba, nikidhani hakijui. Alikijua vizuri kuliko mimi.

Palibaki kitu cha kutia katikati ya blanketi, ili lipate joto. Pamba hatukuwa nayo. Alhamisi moja, amekwisha kula samaki, akanyoosha kidole kitandani kwangu, kwenye blanketi la kompani. Kila mfanyakazi alipewa moja, la kijivu lenye mstari mwekundu na namba yake imepigwa pembeni. Kulikata au kuliuza kulikuwa kosa la kufukuzwa. Mtu akiondoka kazini alilirudisha.

"Tia ile mu kati," akasema.

"Mama, iko ya kompani."

"Kompani iko na macho mu kati ya nguo? Leta makasi."

Yeye mwenyewe alishika ncha mbili, mimi ncha mbili, tukalilaza kati ya viraka na magunia. Tulicheka siku ile kama wasichana. Kisha nikapitisha mishono kwenye tabaka zote tatu, mstari kwa mstari, wiki kwa wiki, mpaka kidole changu cha kati kikaota ganda gumu ambalo ninalo hadi leo. Lilipokwisha, mume wangu alilala chini yake usiku mmoja akasema hajawahi kulala hivyo tangu aje mjini. Usiku mmoja tu, kwa sababu asubuhi yake Mama Monitrisi alilichukua kwa ajili ya maonyesho.

Maonyesho ya fwaye yalikuwa siku ya wazungu. Walipita kati ya meza wakishikashika kazi zetu, sisi tumesimama nyuma kwa mstari, mikono tumefunga. Blanketi langu lilining'inizwa ukutani kando ya blanketi la Mama Monitrisi mwenyewe, jeupe lenye nyota nyekundu, ambalo alilishona kwa miaka mingi na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Niliona mke wa mkubwa wa kambi, tuliyemwita Madame tu, amesimama mbele ya yale mawili. Niliona Mama Monitrisi akisema naye kwa Kifaransa, kichwa ameinamisha. Sikusikia kitu.

Jumatatu nikaenda kuchukua langu. Msumari ulikuwa mtupu.

"Madame amebeba," akaniambia, bila kuniangalia, anapanga nyuzi. "Iko heshima. Atapeleka ku Bulaya."

"Mama, mule muko kikwembe ya mama yangu."

"Najua kile kiko mule."

"Basi murudishe. Mumwambie Madame nitamushonea ingine, tatu, kumi, ile tu anirudishie."

Ndipo aliponigeukia. Nimeona watu wengi wenye hasira, lakini uso ule haukuwa wa hasira, ulikuwa mkavu. "Nyamaza, Pweto. Nani anajua kile kiko mu kati? Miye na weye. Ukilia, Madame atauliza, batafungula, batakuta namba ya bwana yako. Unataka bwana yako apoteze kazi juu ya kikwembe?"

Yeye! Yeye aliyesema leta mkasi. Yeye aliyeshika ncha mbili. Pale mlangoni nikahisi maneno yote ya Kibemba na ya Kiswahili yanapanda, nikamwona akilini mume wangu amebeba godoro kichwani anatoka kambini. Nikayameza. Mwaka haukuisha, Madame na bwana wake wakapanda ndege pale Luano, na kikwembe cha mama yangu kikaenda mahali ambapo hakuna hata mmoja wa kwetu aliyewahi kufika.

Miaka kumi nilimpa salamu moja. "Jambo, Mama." Basi. Alhamisi akija na mtawa nilifunua vyungu mwenyewe kabla hajavigusa. Akirudi kwa mlango wa nyuma na kuuliza samaki iko, nilisema hakuna, naye alikuwa anaisikia harufu yake. Baada ya miezi akaacha kurudi. Kazi yangu iliendelea kupita chini ya kidole chake, naye aliendelea kusema défaire, mimi nikafumua bila neno. Siku aliponiruhusu kutumia mkasi mpya kwa lile gauni la ubatizo, niliukubali kwa kuwa mwanangu hakuwa na kosa. Hata siku hiyo nilisema "Jambo, Mama" tu.

Linaloniudhi zaidi ni kwamba nimekuwa yeye. Wanawake wananiletea nguo za kushona, na wasichana wao niwafundishe. Mkono wangu huigeuza kazi kabla sijajua umefanya nini. Kidole gumba kinapita nyuma ya mshono, na neno lake linanitoka mdomoni. Nani aliyemwomba anikae mwilini hivyo?

Mume wangu alimaliza kazi ya kompani tukahama kambi. Mama Monitrisi naye alikuwa amekwisha kuacha fwaye kwa ajili ya macho, anakaa kwa mwanawe mtaani Makomeno. Jumapili moja, baada ya misa, mwanamke mmoja akanishika mkono. "Mama Monitrisi anasema: mwambie Pweto akuye. Asilete kintu."

Nilikwenda na roho yangu imekunjwa. Nilimkuta uani, kwenye kiti cha chini, miguu juani, kopo la biskuti mapajani. Macho yalikuwa yameingia weupe. Sikuwa nimepiga hodi.

"Pweto," akasema. "Unakanyanga nguvu sawa zamani."

"Jambo, Mama."

"Ile jambo yako nimeisikia. Ikala."

Nikaketi kwenye mkeka. Mkwe wake alikuwa jikoni anasonga bukari, mlango uko wazi. Mama Monitrisi aliuliza habari moja tu. "Bwana yako amemaliza ku kompani?"

"Amemaliza, Mama."

"Na bulangiti yabo, ile ya kompani?"

"Alisema ku bureau yabo iliungua ku mbabula, ku moto ya makala. Balimutukana, balimuacha."

"Bon. Sasa hakuna tena kintu cha kukuogopesha." Akapapasa kifuniko cha kopo. "Madame hakutaka yako. Alinyoosha kidole ku yangu. Miye nikamwambia: ile iko na kasoro, Madame. Nikageuza nyuma, nikamuonyesha mahali hapana kasoro. Yee anajua nini? Nikamwambia, twaa hii ingine, iko muzuri kupita."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Na bado, Mungu anisamehe, mdomo wangu ukauliza kabla sijauzuia: "Ilikuwa muzuri?"

"Nyuma yake ilikuwa safi," akasema.

Ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa. Nilijichukia kwa jinsi nilivyoifurahia.

"Na yako, Mama? Ile ya nyota?"

"Niliiweka mu sanduku, ku siku ya kufa yangu banifunike nayo. Panya balikula yote."

Alifungua kopo, akafungua flaneli, akautoa mkasi. "Na hii haikutoka kwa ba ma sœur. Nilibongopa. Madame alinipa, juma moja nyuma ya maonyesho. Njo iko mahali pa bulangiti yako. Iko yako."

Nikauangalia mkasi ule. Nikakumbuka gauni la ubatizo. Nilikuwa nimemkatia mwanangu nguo kwa kitu kilichobadilishwa na kikwembe cha bibi yake, na yeye amesimama kando yangu, anajua, ananitazama.

Alinyoosha mkono, mpini umenielekea. Nikangoja auweke kwenye mkeka, kama alivyofanya maisha yake yote. Hakuuweka.

"Weka chini, Mama," nikasema.

"Siweki. Twaa mu mukono."

"Tutagombana."

"Njo ile nataka!" Sauti yake ilipasuka, mkwe wake akachungulia. "Miaka kumi unanitupia jambo Mama, jambo Mama, kama muntu anatupia imbwa mufupa. Nikufe na ile mu masikio yangu? Twaa, tugombane!"

Nikautwaa mkononi mwake. Ulikuwa na joto la mapaja yake. Na hapo nikaanza. Nilimwita mwizi. Nilimwita mwoga, mtumwa wa wazungu, mla samaki wa watu. Nilimwambia mama yangu alizikwa bila mimi, na kile kilichonibakia cha mwili wake yeye amekigawa ili kuokoa chakula cha panya. Nilimwambia huenda kule Bulaya mbwa wa Madame amekilalia. Majirani walisimama kwenye ua wa majani, mkwe akatoka na mwiko mkononi, sikujali. Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Yeye alikaa wima, kichwa ameinamisha upande mmoja, macho meupe yameelekea mbali, vilevile alivyokaa zamani kidole chake kikipita nyuma ya mshono.

Nikaishiwa pumzi.

"Umeruka," akasema.

"Nimeruka nini?"

"Siku nilikuogopesha na namba ya bwana yako. Na bulangiti ya kompani, miye njo nilisema uitie. Ile haukuisema. Njo ilikuwa mubaya kupita yote." Akainua kidole. "Défaire. Anza tena."

Nikaweka mkasi mapajani, nikavuta pumzi, nikaanza tena, tangu kikwembe cha mama.